Baba, Houston na Gauni Jekundu

Niliaga Jumamosi asubuhi nikisema naenda Houston na kurudi jioni. Nikarudi Jumapili, gari likinuka mbuzi, na tangu hapo kila ninayekutana naye ananiuliza kulikoni. Wengine mmeniuliza kanisani katikati ya maombi, jambo ambalo si zuri. Basi naandika mara moja kwa wote, na mkishasoma mniache nilale, maana wiki hii niko zamu ya usiku.

Wengi wenu mlimwona baba yangu, Mwalimu Mwadime, alipokuwa hapa kwangu Grand Prairie. Ndiye yule mzee aliyemsahihisha mchungaji. Alifundisha historia na fasihi katika shule moja ya sekondari huko kwetu Taita mpaka akastaafu, na kitu alichokipenda kuliko vyote, mama yetu akiwamo kwa maneno yake mama mwenyewe, kilikuwa fasihi na sanaa ya Ulaya. Ulaya yenyewe hajafika. Alikuwa na fotokopi ya kitabu cha picha, kurasa zote za kijivu kana kwamba zilianikwa juu ya moshi, na humo akachagua picha moja ya kufundishia: mwanamke wa Kiholanzi ameketi dirishani anamenya vitunguu. Kila darasa lililopita mikononi mwake lilimjua mwanamke huyo kuliko lilivyomjua mwalimu mkuu. Sisi watoto wake tulimwona kama jirani.

Mwaka huu nikagundua kwamba picha hiyo iko Houston, katika jumba moja la makumbusho. Msiniulize kwa nini sikumpeleka Dallas tu, ambako pia kuna picha. Nilimpeleka. Alizunguka, akatikisa kichwa kwa adabu, akasema "nzuri" kama mtu aliyepewa mchuzi usio na chumvi nyumbani kwa wakwe.

Na haraka yangu ilikuwa na sababu. Baba ana presha ya macho. Ugonjwa huo humla mtu uoni kuanzia pembeni, kidogo kidogo, na kilicholiwa hakirudi. Siku hizi anaona kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mimi ni nesi, nilisoma majibu ya daktari na kuyaelewa vizuri kuliko nilivyotaka. Jumanne angepanda ndege kurudi Kenya, na hakuna aliyeweza kuniahidi kwamba akija tena tundu hilo litakuwa bado wazi.

Grand Prairie hadi Corsicana, au Wayunani na Warumi

Tuliondoka mapema. Mpango ulikuwa wangu na ulikuwa mzuri: makumbusho kwanza, halafu kumsalimia Shangazi Mkawasi, dada mkubwa wa baba, anayekaa Missouri City, halafu nyumbani. Kosa langu lilikuwa kumwambia shangazi tunakuja. Mnajua ilivyo kwetu. Mtu akisikia unaenda Houston, gari lako si lako tena. Shangazi aliagiza mbuzi mzima kwa mchinjaji wa huku, amekatwakatwa na kugandishwa, kwa sababu anashikilia kwamba mbuzi wa Houston hana ladha. Nikampakia mbuzi kwenye boksi la barafu, nikampakia baba mbele, tukaingia barabarani.

Kabla hatujaacha Dallas nyuma, baba aliuliza Houston ni mbali kiasi gani. Nilipomwambia, akafurahi. Akasema ni urefu unaotosha Ulaya yote, akaanza kuigawa barabara. Mpaka Corsicana tungekuwa na Wayunani na Warumi. Kutoka hapo Zama za Kati. Huntsville ndipo mwamko wa Italia ungeanza, na tungeingia Houston pamoja na Waholanzi.

Nadharia yake naijua kwa moyo tangu nikiwa mtoto, lakini nitawapa nanyi mteseke. Anasema Wazungu walianza kwa kuchora na kuimba miungu. Wakachoka, wakaenda kwa watakatifu. Kutoka kwa watakatifu wakaenda kwa wafalme na farasi wao. Iliwachukua karne nyingi sana kufika jikoni, kwa mama anayemenya vitunguu, na walipofika hapo tu ndipo wakaweza kuandika riwaya, kwa sababu riwaya haiwezi kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kutazama jikoni. Nilimwuliza mbona kwetu tulikuwa jikoni tangu zamani. Akasema ndiyo, lakini hatukumwita mtu aje kuchora.

Corsicana tulipita Roma ikianguka. Nilikuwa nimeamka alfajiri, nikaomba ianguke upesi.

Zama za Kati

Hapo mbele kidogo magari yakasimama. Lori lilikuwa limepinduka likamwaga magodoro barabara nzima, na hakuna aliyekuwa akienda popote. Jua la Texas mnalijua. Nilizima injini kuokoa mafuta, nikaiwasha tena kuokoa baba, nikaenda nyuma kukagua mbuzi. Barafu ilikuwa imeanza kuwa maji.

Baba naye alishuka kunyoosha miguu, akasimama ukingoni mwa barabara akiendelea kunieleza jinsi watawa walivyokaa wakinakili vitabu kwa mkono, herufi ya kwanza wakiichora maua na ndege, huku nje watu wakifa kwa tauni. Sauti yake ni ya kufika dawati la nyuma. Dereva wa lori lililokuwa nyuma yetu akateremka akatujia, mwanamume mnene mwenye taulo shingoni.

"Papa, muko natoka Kenya?" akauliza. "Nimesikia Kiswahili, nikasema merci Seigneur, asante Mungu."

Alikuwa Mkongo wa Bukavu, jina lake Didier. Nilipomweleza habari ya mbuzi, alirudi kwenye lori lake akaja na mfuko wa barafu yake mwenyewe akaimimina kwenye boksi letu. Baba, ambaye hapendi kupokea bila kutoa, alimlipa kwa somo. Alimpa Zama za Kati zote, na foleni ilipokuwa bado haijasogea akampa Italia, na mwisho akampa mwanamke wa vitunguu. Didier alisikiliza vizuri, jasho likimtiririka.

Mwishowe akauliza, "Na huyu mama, papa, alikuwa na bwana?"

Katika miaka yote ya kufundisha, baba alisema, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuliza hilo. Akakiri kwamba hajui. Didier akasema basi pengine alikuwa mjane, kwa sababu mwanamke mwenye bwana hamenyi vitunguu ameketi kwa raha dirishani. Walibishana mpaka magodoro yakaondolewa, na nikawaacha, kwa sababu baba alikuwa anacheka.

Tulipoanza kwenda tulikuwa tumetumia Zama za Kati kwa urefu wake halisi.

Missouri City, au nyama ya watu

Tulipoikaribia Houston barafu ya Didier nayo ilikuwa imeyeyuka. Niliona kibao cha njia ya kwenda makumbusho. Nilianza kuwasha taa ya kukata kona, baba akanishika mkono.

Akasema nyama ya watu haiachwi ioze kwa ajili ya picha. Nikamwambia ni boksi tu, itakaa. Akaniambia dada yake ndiye aliyemlipia karo ya kidato cha tano kwa kuuza kuku, na leo hatampelekea mbuzi aliyeharibika. Nikazima taa. Makumbusho yakapita upande wa dirisha lake, upande asioweza kuona, na mimi nikayaona peke yangu. Niliudhika, nasema kweli. Nilimwudhikia baba, na shangazi, na mbuzi.

Nilipanga tushushe boksi mlangoni na kugeuza. Mliolelewa vizuri mnacheka. Shangazi alikuwa amevaa nguo ya Pasaka. Sufuria zilikuwa tano mekoni. Aliomba dua ya chakula iliyopitia kila mtoto wa ukoo, walio hai na waliotangulia, na alipofika kwa wajukuu wa Mombasa nilifungua jicho moja kuangalia saa.

Na alikuwa na mgeni wa kumshangaza baba: Mwakio, aliyekuwa mwanafunzi wake, sasa mtu mzima mwenye mvi na kazi ya ofisini, anayekaa Sharpstown. Mwakio alisimama baba alipoingia, mikono nyuma, kama yuko gwaride.

"Mwalimu," akasema, "gauni ni jekundu. Picha ni kubwa kama ukuta wa bwalo. Na mama hana machozi, ijapokuwa ni vitunguu, kwa sababu mchoraji alitaka kuonyesha heshima ya kazi."

Baba alijaa kama mtungi. Akampa alama zote. Mwakio akaniambia kwamba watoto wake wamezaliwa hapa, ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, lakini gauni jekundu la mwanamke wa vitunguu wanalijua.

Tukala. Ugali, kuku, mchicha, maharagwe ya nazi, na shangazi akasema sasa ndiyo ataanza kumpika mbuzi. Nikasema asante, sisi tunaondoka, makumbusho yanafungwa saa kumi na moja. Akanicheka. Akasema, "Hiyo picha imekusubirini miaka yote, itashindwa kumsubiri mbuzi? Mtalala hapa, mtaenda kesho baada ya kanisa."

Baba alikuwa anaitikia. Nikakumbuka kwamba kesho niko zamu, na Jumatatu wamefunga, na Jumanne ni ndege. Nikasema kwa sauti ambayo hutumii kwa shangazi yako.

"Shangazi, picha itasubiri. Macho ya baba hayatasubiri."

Mwiko wa shangazi ukabaki hewani. Kumbe baba hakuwa amemwambia. Alikuwa amekaa kwenye simu na dada yake kila Jumapili akimweleza habari za mvua na bei ya mahindi, na hili hakulitaja. Shangazi alimtazama, akasogeza mkono wake taratibu kutoka upande hadi upande mbele ya uso wa mdogo wake, naye akatazama mbele tu, hakuufuata mpaka ulipofika katikati. Shangazi akakaa. Kisha akainuka, akazima moto mmoja baada ya mwingine.

"Mbona mmekaa?" akasema. "Ondokeni."

Makumbushoni

Mwakio akasema, "Dada Wakesho, wacha mimi ni-drive. Hiyo GPS yako itawazungusha hadi wafunge." Nilimpa funguo. Alituendesha kwa namna ambayo sitaieleza kwa sababu mke wake anasoma kundi letu la simu.

Tuliingia ikiwa imebaki chini ya saa moja. Nilimwambia baba twende moja kwa moja kwa Waholanzi. Akakataa. Ndiyo, alikataa. Alisema huwezi kufika jikoni bila kupita kanisani, na kwamba mtu anayeruka karne ataandika insha mbaya. Basi tukaanza na watakatifu wenye dhahabu nyuma ya vichwa. Hao walikuwa wadogo, wamechorwa kwenye mbao, na baba alisimama mbele ya kila mmoja akawatambua kwa vitu walivyoshika: ufunguo, gurudumu, mwanakondoo. Nilikuwa namvuta mkono kama mtoto anayetaka kwenda msalani.

Halafu tukaingia chumba cha wafalme. Ukuta mzima ulikuwa picha moja, farasi, bendera, askari walioanguka. Baba alisogea karibu. Kichwa chake kikaenda kushoto, kikaenda kulia, kikapanda, kikashuka. Nikamwuliza anaonaje.

"Naona kwato," akasema. Akasogeza kichwa. "Naona mkono. Sijui ni wa nani."

Akaendelea kutafuta kwa muda. Kisha akaacha, akaenda kuketi kwenye benchi katikati ya chumba, akaweka fimbo magotini. Nikaketi naye. Akasema turudi kwa Mkawasi. Nikamwuliza kwa nini, wakati picha yake iko chumba cha pili tu.

"Kubwa kama ukuta wa bwalo," akasema. "Nitaona kitunguu kimoja na kipande cha dirisha. Huku kichwani ninaye mzima, Wakesho. Nikienda pale nitampoteza."

Nimewapa wagonjwa habari mbaya kwa miaka, nikawashika mikono, nikapata la kusema. Pale nilikaa tu. Niliona aibu pia, kwa sababu safari hii ilikuwa wazo langu, na ni mimi niliyemkimbiza siku nzima aje kupokonywa kitu alichokuwa nacho.

Mwakio hakuwa amesikia. Alikuwa ametangulia chumba cha pili kumtafuta mama wa vitunguu, rafiki yake wa utotoni. Akarudi akitembea haraka, ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika.

"Mwalimu," akasema, "ni ndogo."

"Ndogo namna gani?"

"Kama sinia ya chai. Nimeipita mara mbili."

Baba akainuka.

Ilikuwa pembeni kabisa, karibu na mlango. Kwa kweli sinia ya chai ni kubwa zaidi. Baba alisimama mbele yake, akasogea nyuma kidogo, akashika fimbo kwa mikono miwili na kutulia. Kichwa chake hakikwenda kushoto wala kulia. Mimi nilikuwa nimeshaona tatizo, na Mwakio pia, tukawa tunatazama sakafu.

"Gauni ni la buluu," baba akasema.

Mwakio akakuna kisogo.

"Nilikuwa na picha ya kijivu," akasema. "Nikafikiri, rangi nzito hivi, itakuwa nyekundu. Nikawaambia watoto wa watu nyekundu."

"Ni jekundu, Mwalimu," Mwakio akamjibu. "Hawa ndio wamekosea rangi."

Baba hakucheka. Alikuwa bado anatazama. Alimpitia mwanamke huyo taratibu: dirisha, bakuli, kisu, mikono, maganda yaliyoanguka miguuni. Kisha akainama, akakaribia mpaka mlinzi aliyekuwa mlangoni akakohoa, akabaki ameinama vile.

"Analia," akasema.

Nikatazama. Shavuni, chini ya jicho, palikuwa na nukta nyeupe, ndogo kuliko punje ya chumvi. Kwenye fotokopi haikuwezekana kuonekana. Heshima yote ya kazi, nadharia iliyofundishwa kwa vizazi na kuulizwa kwenye mitihani, na mama wa watu alikuwa analia kama mtu yeyote anayemenya vitunguu.

Nilifikiri ataumia. Baba alianza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa tumbo, mpaka akatoa miwani kujifuta, na Mwakio naye akaachilia kicheko alichokuwa amekishika. Mlinzi akaja kutuambia wanafunga. Baba akamwambia kwa Kiingereza chake cha darasani kwamba amemfahamu mwanamke huyu maisha yake yote na ndiyo kwanza wanaonana, akamwuliza kama angeweza kumpa dakika. Mlinzi akatazama saa, akaenda kuanza kufunga chumba cha mbali.

"Naiona yote," baba akaniambia. "Kona zote nne."

Wakati wa kutoka tulipita tena kwa farasi. Mwakio, akiwa bado amechangamka, akamshika Mwalimu wake mabega akamrudisha nyuma, nyuma, mpaka mlango wa upande wa pili, akamgeuza kutazama. Baba akasimama pale, ameduwaa kidogo.

"Kumbe ni farasi," akasema.

Kurudi

Tulilala kwa shangazi. Nilipiga simu kazini kuomba wanibadilishie zamu, na aliyekubali anajijua, Mungu ambariki. Mbuzi alipikwa. Shangazi alimkalisha mdogo wake mbele yake kabisa, wakaongea kilugha chetu kwa sauti ya chini, na sikuenda kusikiliza.

Jumapili barabarani baba hakufundisha. Karne za nyuma, alisema, zimeshafika. Tulipofika Huntsville alinipa simu yake nimwandikie ujumbe katika kundi la wanafunzi wake wa zamani. Alinitajia maneno, nikaandika kama alivyotaka: "Sahihisho. Picha ni ndogo. Gauni ni la buluu. Mama analia." Kundi lilikaa kimya kwa maili nyingi. Halafu likaja jibu la mmoja wao, sasa ni daktari huko Voi: "Mwalimu, mtihani tulishafanya." Baba alilirudia jibu hilo mpaka Corsicana, na kila mara alicheka upya.

Mnaouliza ilikuwaje kiwanja cha ndege Jumanne, ilikuwa hivi. Nilikuwa nimejiandaa kutolia. Baba alinikumbatia, akanisahihisha jinsi nilivyofunga mzigo wake, akaniachia. Kisha akaanza kurudi nyuma. Nilidhani amepoteza njia, nikamfuata, akanyoosha mkono kuniambia nisimame hapo hapo. Akarudi nyuma zaidi, watu wakimpisha na masanduku yao, fimbo ikipapasa sakafu nyuma yake, mpaka akafika karibu na nguzo. Akatulia. Alishika fimbo kwa mikono miwili, na kichwa chake hakikwenda kushoto wala kulia.

"Hapo," akaniambia kwa sauti ile ya kufika dawati la nyuma. "Usisogee. Sasa nakuona mzima."

Nikasimama. Na nililia, ndiyo, wala hapakuwa na vitunguu.